Waya Uliopungua

Ukipita Bweranyange ukauliza habari za mashine ya mlimani, hutakosa wa kukusimulia. Watakuambia alikuja mzungu na mashine ya kunasa vumbi la mbinguni, mbingu zikakasirika, zikashusha radi, mke wa mhunzi akafa. Watakuonyesha na kilima chenyewe. Wengine watakuonyesha mpaka jiwe alilokuwa akikalia mzungu, na jiwe lenyewe silo. Loo, watu wa kwetu kwa kusimulia hawajambo! Lakini waulize waya ulikuwa na urefu gani, watakutazama tu. Aliyejua alikuwa mtu mmoja, na alikaa na jambo hilo miaka mitano, akilala nalo na kuamka nalo.

Mtu huyo ni Rwezaura, mhunzi, mwana wa mhunzi, mjukuu wa mhunzi. Alikuwa mfupi, kifua kipana, nyusi hana kwa sababu cheche zilikwisha kuzila zamani. Maneno yake yalikuwa machache na ya moto. Ukimpelekea jembe lililovunjika angekugombeza kwanza, utadhani umemvunjia mtoto mguu, halafu angelitengeneza likawa zuri kuliko mwanzo. Siku hizo majembe ya dukani yalikuwa yameanza kuja kwa malori kutoka Bukoba, mepesi, yanang'aa, na watu wakawa wanapita mbele ya kiwanda chake bila kugeuza shingo. Jambo hilo lilimuuma sana, ingawa ukimuuliza angekujibu kwamba yale si majembe, ni makopo yenye mpini.

Mkewe, Kokugonza, alikuwa kinyume chake kabisa. Yeye alikuwa mwanamke wa kicheko na maswali. Aliuliza kwa nini nyota hazianguki, kwa nini padri haoi, kwa nini chuma kikipata moto hubadilika rangi na sufuria haibadiliki. "Mama Jovitha," Rwezaura humwambia, "maswali yako yangekuwa mawe, tungekwisha kujenga kanisa." Naye hucheka, kisha huuliza jingine. Jovitha alikuwa binti yao, miaka minane, mtoto pekee aliyebaki.

Alimpenda mkewe. Niseme wazi, maana wanaume wa kwetu hawalisemi hili hata ukiwafinya: alimpenda kupita kiasi, na hakuwa na cha kumpa. Siku moja gulioni Kokugonza alimwona mke wa mfanyabiashara wa kutoka Muleba amevaa bangili ya shaba nyekundu, ya waya uliozungushwa mara nyingi mkononi. Alisimama akaitazama mpaka yule mwanamke akauficha mkono kwa aibu. Njiani kurudi hakusema kitu. Mhunzi mzima, mkewe anatamani bangili! Rwezaura alikula chakula chake jioni ile bila kusikia ladha.

Basi mwaka wa hamsini na tatu, kiangazi kinakwisha, yakapanda malori mawili yamebeba masanduku. Mzungu mwenyewe alikuwa mrefu, mwembamba, ngozi imebabuka kwa jua, na Kiswahili chake kilikuwa maneno mawili: "nzuri, nzuri." Mengine yote yalipitia kwa mkalimani wake, kijana mmoja wa misheni aitwaye Cassian. Cassian aliwakusanya watu chini ya kilima akawaeleza kwamba huko mbali, mbali kuliko jua, zinatoka chembe ndogo sana zisizoonekana, zinakuja mbio usiku na mchana, zinapita katika kila kitu. Bwana huyu ana mashine mpya, yenye nguvu kuliko zote zilizotangulia, ya kuzihesabu. Amechagua hapa kwa kuwa ni juu na ni karibu na mstari unaoigawa dunia.

"Zinapita katika kila kitu?" akauliza mtu mmoja. "Hata mtu?"

"Hata mtu."

"Hata sasa hivi?"

"Hata sasa hivi, tulivyokaa."

Jamani! Watu waliruka. Wengine walijipangusa mabega na vichwa, mama mmoja akamwinamia mwanawe kumfunika. Kutoka siku hiyo mzungu akaitwa Bwana Chembe, na hofu ikaingia kijijini ikakaa. Egbert, aliyekuwa amerudi kutoka vita vya Burma na hakuna aliyethubutu kumbishia, alisema kule Japani walipasua chembe moja tu na mji mzima ukaungua, je, huyu anayezikusanya kwa maelfu anataka nini? Wengine wakasema mashine inahesabu watakaokufa. Wengine, inafukuza mvua. Wanawake wenye mimba waliopita karibu na kilima walijifunga jani la mgomba tumboni ili chembe zisiingie. Na hao hao waliotetemeka siku za kazi, Jumapili wakitoka kanisani walikuwa wa kwanza kupanda mlimani kusikiliza.

Maana mashine ilikuwa inalia. Ilikaa ndani ya banda la mabati, imezungukwa na matofali ya madini ya risasi, mazito ajabu, na kila chembe ilipopita ilitoa mlio mdogo, tik, tena tik, tik tik. Watu walikaa wamefumba vinywa wakisikiliza vitu vilivyotoka ng'ambo ya jua.

Kokugonza ndiye aliyependa kuliko wote. "Muulize," alimwambia Cassian, "hizo chembe zikipita ndani ya mtu zinabisha hodi?" Cassian akatafsiri. Bwana Chembe alicheka mpaka akavua miwani, kisha akafikiri, akajibu kwamba hazibishi hodi, na kwamba hata yeye wakati mwingine jambo hilo humsumbua. Kokugonza alirudi nyumbani na jibu hilo kana kwamba amepewa mbuzi. "Ni mtu mzuri yule," akamwambia mumewe. "Mtu anayejibu swali la mwanamke ni mtu mzuri."

Kazi ya Rwezaura mlimani ilikuwa mlingoti. Bwana Chembe alitaka mlingoti wa chuma wa kusimamishia waya za redio yake, apate kusikia saa kamili kutoka mbali, maana chembe bila saa hazina maana kwake. Alisikia kuna mhunzi, akamwita. Rwezaura aliunga vyuma, akafua pete za kukazia, akatengeneza misumari mikubwa. Bwana Chembe alipitisha kidole kwenye kila kiungo, akasema nzuri, nzuri. Watu waliokuwa wanapita kiwandani bila kugeuka sasa walisimama kumwamkia. Usione haya kumcheka kidogo. Alitembea wiki nzima kifua mbele kama jogoo.

Likabaki jambo la mwisho. Bwana Chembe akaleta waya mnene wa shaba, akaupima, akaukata mwenyewe, akamwonyesha Rwezaura kwa kuchora chini na kijiti. Uanzie juu kabisa ya mlingoti, ushuke, uingie kwenye shimo refu kama kimo chako, ufike kwenye udongo wenye maji. Cassian akatafsiri taratibu, neno kwa neno. "Radi ikija itapita humo, itashuka ardhini, haitamgusa mtu. Bwana anasema usipungue hata shibiri."

"Nimesikia," akasema Rwezaura.

Na alisikia. Asije mtu akasema hakusikia. Alichimba shimo lote, mpaka akawa anatupa udongo juu ya kichwa chake. Lakini alipoushika ule waya, mwekundu, laini, safi, mkono ukasita. Baba yake aliwahi kutembea siku nne kwenda na siku nne kurudi kwa ajili ya kipande cha shaba kisichojaza kiganja. Katika ukoo wa wahunzi hata mabaki yanayoanguka chini ya fuawe hufagiliwa yakahifadhiwa. Na sasa aifukie? Shaba nzima ioze kwenye tope, nani aione? Akajiambia udongo ni udongo, wa juu na wa chini ni ule ule. Akajiambia mzungu ana waya nyingine tele kwenye lori. Cassian na bwana wake walikuwa ndani ya banda wamewapa visogo. Rwezaura akaupima waya kwa kimo chake, kutoka wayo mpaka utosi, akaukata hapo. Ncha iliyobaki akaifukia juu juu kwenye changarawe, akalijaza shimo, akashindilia kwa miguu, akapanga mawe. Ukiliangalia lilikuwa shimo zuri kabisa.

Siku ya tatu Kokugonza alivaa bangili ya mizunguko saba.

Alipiga ukelele wa furaha, akaunyoosha mkono juani, akaugeuza huku na huku. Jovitha akadai aivae kidogo. Kisha likaja swali, kwa kuwa kwa Kokugonza swali lilikuwa lazima lije. "Baba Jovitha, umeipata wapi shaba?"

"Bwana Chembe alinipa iliyobaki," akasema Rwezaura, akainama kupuliza moto ambao ulikuwa unawaka vizuri.

Uongo mdogo, wa mume kwa mke. Nani hajausema? Lakini Kokugonza hakuwa mtu wa kupokea kitu akanyamaza. Jumapili ile ile alimfuata Bwana Chembe, Cassian hayupo, akaunyanyua mkono wenye bangili, akamshukuru kwa Kinyambo, maneno marefu yenye baraka kwa mama yake na kwa ukoo wake wote. Rwezaura alisimama nyuma yake, jasho likimtiririka mgongoni. Bwana Chembe aliitazama bangili, akatabasamu. "Nzuri, nzuri," akasema. Hakutambua kitu.

Kokugonza akaona shukrani ya maneno haitoshi. Mtu amekupa shaba, nawe umpe maneno? Akaahidi atampelekea bitoke, ndizi zilizopikwa na nyama, pamoja na kahawa ya kutafuna, kama mgeni wa heshima. Rwezaura alimkataza. "Achana naye, ana kazi zake." Akamkataza mara ya pili, kwa ukali, hata Kokugonza akamtazama kwa mshangao, maana hakuwa amezoea kufokewa bila jembe la mtu kuvunjika. Sababu Rwezaura hakuweza kuitoa, na amri isiyo na sababu kwa mwanamke yule ilikuwa haina kazi.

Alipanda Alhamisi, mchana, mvua za mwanzo zikiwa zimeanza. Alibeba chakula kwenye kikapu, kimefunikwa kwa majani ya mgomba. Bwana Chembe na Cassian walikuwa wameshuka upande wa pili wa kilima kukinga maji, banda limefungwa. Wingu likaja upesi, jeusi. Waliomwona kwa mbali walisema alijibanza chini ya upenu wa banda, penye mlingoti, amekumbatia kikapu chake kisilowe. Halafu ilikuja nuru moja, na mlio ambao ng'ombe walivunja zizi kwa ajili yake.

Rwezaura alikuwa wa kwanza kufika. Alikimbia kutoka kiwandani na nyundo bado iko mkononi, hata hakujua ameibeba. Alimkuta amelala ubavu, kikapu kando, chakula kimemwagika kwenye changarawe. Ile changarawe juu ya shimo ilikuwa imefumuka, mawe yametupwa huku na huku, na ncha ya waya imechomoza nje. Uso wa Kokugonza ulikuwa mzima. Mkono ndio ulioungua, pale palipokuwa na bangili.

Alielewa hapo hapo, jamani. Mhunzi hahitaji kuelezwa njia ya moto. Na sasa nitasema jambo ambalo hata mimi nalisema kwa shida. Alisikia sauti za watu wanapanda. Akapiga magoti, akaishika bangili ikiwa bado ya moto, akaivuta kutoka kwenye mkono ule, na ngozi ikaja nayo. Akaitia ndani ya kanzu yake. Walipofika walimkuta amemlaza mkewe mapajani, akimwita jina.

Sasa kulikuwa na desturi, na desturi ile ndiyo iliyommaliza. Kwa wazee wa kilima kile, aliyeuawa na radi haliliwi. Mzee Ndyamukama, aliyejua mambo hayo kuliko wote, alikuja akasimama mlangoni akayasema upya kwa sauti, ili hata mtoto asikie. Mwenye ngurumo amechukua chake. Ukilia unamwambia kwamba amekuumiza, na kwamba ndani bado mna kingine unachokipenda, atarudi kukichukua. Wanawake watapiga vigelegele vitatu kaburini. Chozi lisidondoke katika nyumba hii, leo wala mwakani.

Kingine kilichomo ndani kilikuwa Jovitha. Mtoto alikuwa anamtafuta mama yake vyumbani, mdomo umeanza kupinda. Adelgunda, dada mkubwa wa Rwezaura, alimkamata akamjaza pindo la khanga kinywani. "Nyamaza, mwanangu. Nyamaza, usituitie." Kokugonza, mwanamke wa kicheko, akazikwa ndani ya kibanja, shamba lao la migomba, kwa vigelegele, macho ya watu makavu. Rwezaura alisimama kaburini na bangili ikimchoma kifuani, ingawa ilikuwa imekwisha kupoa.

Kesho yake Bwana Chembe alikuja kutoa pole. Alikuja kwa miguu, kofia mkononi, na Cassian nyuma yake. Watu walimpisha njia bila kumwamkia. Alipofika mbele ya Rwezaura alisema maneno machache ya kwao, kisha akashindwa, na akalia. Alilia wazi, mabega yakitikisika, mzee mzima mbele ya kadamnasi. Wee! Watu walipiga kelele za hofu, wanaume wawili wakamshika mikono kumtoa nje, Adelgunda akamrushia Jovitha blanketi kichwani. Bwana Chembe hakujua amekosa nini. Alimvuta Cassian akamwambia lazima atafsiri.

"Bwana anasema kosa ni lake," Cassian akasema. "Waya aliupima yeye, akaukata yeye. Anasema lazima alikata mfupi, haukufika kwenye maji. Anasema kesho atafukua aone alikosea wapi. Na anakuomba umsamehe, mzee Rwezaura."

Hapo ndipo. Kinywa kilikuwa chake, maneno mawili tu yalitosha: ni mimi. Watu wote walimtazama. Alimtazama mzungu yule aliyekuwa analia kilio ambacho ni chake yeye Rwezaura, akamwonea wivu. Akamwangalia na Jovitha chini ya blanketi. Akafikiri, mtoto huyu akijua, atanitazama vipi? Akanyamaza. Kisha, Bwana Chembe alipokwisha kuondoka, na watu wakawa wananong'ona kuhusu mashine na chozi lile lililodondoka, Rwezaura alifumbua kinywa na kusema neno moja.

"Twendeni."

Walikwenda asubuhi na mapanga na mitalimbo. Walimpa aliyefiwa apige wa kwanza, na aliupiga mlingoti alioufua mwenyewe, kiungo kwa kiungo, kwa kuwa yeye alijua ulipo udhaifu. Watu walidhani ni uchungu wa mke. Waya wa shaba aliung'oa kwa mikono yake kabla mtu hajausogelea, akaukata vipande, akawagawia wanawake. Kufikia jioni shimo lilikuwa limechanganywa na udongo mwingine na hakukuwa na cha kupima. Mashine nayo ilipondwa, ikaacha kulia. Bwana Shauri, mkuu wa wilaya, alituma askari, Bwana Chembe akakataa kumtaja mtu hata mmoja, akapakia masanduku yake yaliyovunjika akaondoka. Wanawake wa Bweranyange walivaa bangili mwaka ule wote.

Rwezaura hakufua tena. Moto wa kiwanda ulizimika na mivukuto ikatobolewa na panya. Watu walisema anaogopa chuma kitamwitia radi, wakamwelewa, wakampelekea ndizi. Alilima kibanja, akamlea binti yake, na kila wingu lilipojikusanya alimwingiza ndani akamkalisha mbali na ukuta. Jovitha alikua mtoto mkavu. Alianguka hakulia, alichapwa shuleni hakulia, mbwa wake alikufa akamzika kimya. Wenzake walimwogopa kidogo. Baba yake alipomwona hivyo alitoka nje akasimama nyuma ya nyumba, akauma kiganja.

Mwaka wa hamsini na nane, mchana mmoja wa kiangazi, Cassian akaja kwa baiskeli. Alikuwa karani sasa huko Bukoba, amenenepa, amevaa viatu. "Shikamoo, mzee Rwezaura."

"Marahaba. Karibu ukae."

Jovitha alimletea mgeni kahawa ya kutafuna. Cassian alitafuna moja, akatoa barua mfukoni, akaikunjua. "Imetoka kwa yule Bwana. Nimeandikiwa mimi, lakini nimeona si haki niisome peke yangu." Akaanza kuitafsiri, kama zamani, neno kwa neno.

"Cassian, wameniomba nikasimamishe mashine nyingine, kubwa kuliko ile, kwenye mlima mwingine. Nimekataa mara mbili. Sitamweka mtu tena karibu na mlingoti wangu mpaka nijue nilikosea wapi. Nilikata futi arobaini. Naamini nilikata arobaini. Lakini basi mbona haukufika? Labda nilihesabu vibaya. Kila asubuhi nahesabu upya. Nilihesabu vitu visivyoonekana kwa macho nisikosee, na waya mmoja ukanishinda, na mama yule aliyeniuliza kama chembe zinabisha hodi akafa. Nenda kilimani, tafadhali. Kama waya bado upo, upime, uniambie hata kama ni jambo baya."

Cassian akaikunja barua. "Nimetoka huko. Hakuna kitu, ni majani tu. Nitamjibu kwamba haijulikani."

Rwezaura aliitazama mikono yake. Miaka mitano alikuwa akijiambia mzungu amekwisha kusahau. Wazungu husahau, wana meli, wana mambo mengi. Kumbe mtu yule alikuwa bado kule juu ya kilima, anapima.

"Inajulikana," akasema.

Akainuka, akaingia kiwandani. Cassian na Jovitha wakamfuata bila kuelewa. Rwezaura aliondoa jiwe chini ya fuawe, akatoa kitambaa, na ndani yake bangili ya mizunguko saba, imeingia weusi, ncha yake moja imeyeyuka ikawa tone. Akawasha moto. Mivukuto ilikuwa imekufa, akapuliza kwa mdomo wake mpaka macho yakawa mekundu. Akaishika kwa koleo, akaipasha, akaitumbukiza majini ilainike, akaanza kuinyoosha juu ya fuawe, mzunguko baada ya mzunguko, akigonga polepole. Mkono haukuwa umesahau kazi. Ilipokwisha, akausimamisha waya kando yake, kutoka wayo. Ncha yenye tone ikafika utosini.

"Bwana wako alikata futi arobaini," akamwambia Cassian. "Hakukosea. Huu ndio uliopungua. Niliukata mimi. Mpelekee, na umwambie kwa maneno hayo hayo, usiyapambe."

Cassian aliupokea waya kwa mikono miwili, kama mtu anavyopokezwa mtoto aliyekufa. Hakusema pole, wala hakuaga vizuri. Aliufunga kwenye baiskeli yake kwa kamba za mgomba akaanza kusukuma kuelekea barabarani.

Jovitha alibaki pale mlangoni. Miaka kumi na mitatu, mrefu kuliko baba yake tayari.

"Baba, ile ilikuwa ya mama. Ulituambia iliungua."

"Nilidanganya."

"Mama alijua umeiiba?"

"Hakujua. Nilimwambia nimepewa na mzungu." Akaliweka koleo chini. "Ndiyo maana alipanda siku ile. Alikwenda kumshukuru."

Jovitha alimtazama. Kisha mdomo wake ukapinda, vile vile ulivyopinda alipokuwa na miaka minane, na kilio kikatoka. Kilikuwa kikubwa, kibovu, cha mtoto mdogo, kwa kuwa kilikuwa kimefungiwa tangu udogoni na hakikuwahi kukua. Alimwita mama yake kwa jina la mama, akaukumbatia mwimo wa mlango. Rwezaura, kwa mazoea, alitoka nje akatazama juu. Hapakuwa na wingu hata moja.

Adelgunda alikuja mbio kutoka migombani, jembe bado begani, pindo la khanga liko tayari mkononi. "Rwezaura! Mzibe mtoto mdomo! Unataka tumalizike?"

Rwezaura alisimama katikati ya njia, akamzuia dada yake kwa mikono yote miwili.

"Mwache, dada," akasema. "Mwache alie. Alie na sehemu yangu."